Mtaka cha Mvunguni: Historia ya Waya wa Redio Katika Nafasi Finyu

Mnamo Septemba 1901, upepo mkali uliangusha milingoti 20 iliyokuwa imesimamishwa kwa duara huko Poldhu, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kila mlingoti ulikuwa na urefu wa takriban mita 60. Guglielmo Marconi alikuwa ameitegemea milingoti hiyo kuvusha ishara za redio hadi ng'ambo ya Atlantiki. Miezi mitatu baadaye, Desemba 12, alikuwa upande wa pili wa bahari, juu ya kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, akihangaika na upepo mwingine. Safari hii hakuwa na mlingoti wowote. Alikuwa na waya wa takriban mita 150 uliopandishwa kwa tiara, na kwa waya huo alisema amesikia nukta tatu za herufi S. Wataalamu wanabishana hadi leo iwapo kweli alizisikia.

Vitabu vya historia ya redio hupenda kuonyesha picha za milingoti na minara. Katika makala haya tunataka kuwapeleka wasomaji wetu mahali pengine: uani, darini, roshanini na vyumbani mwa watu waliokuwa na waya mmoja na mahali padogo pa kuufunga. Hawa ni watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kibali cha serikali lakini bila malipo, kwa mapenzi ya jambo lenyewe na kwa kujifunza. Hoja yetu ni kwamba watu hawa walibanwa mara mbili. Kwanza walibanwa na sheria kuhusu mawimbi waliyoruhusiwa kutumia. Kisha wakabanwa na ukubwa wa viwanja vyao. Mara zote mbili, kubanwa huko kuliwalazimisha kujifunza jambo ambalo wenye nafasi kubwa hawakuwa na haja ya kulitafuta.

Waya na uzi wa udi

Kabla ya historia, tueleze kwa ufupi kwa nini nafasi ni tatizo. Kila aliyewahi kumtazama mpiga udi anajua kwamba uzi ukibanwa kwa kidole ukawa mfupi, sauti hupanda. Waya wa antena una tabia inayofanana na hiyo. Kila urefu wa waya una mawimbi yake unayoyaitikia vizuri, na urefu unaopendwa zaidi ni nusu ya urefu wa wimbi. Heinrich Hertz alitumia antena ya aina hii, iliyogawanywa katikati, katika majaribio yake huko Karlsruhe kati ya 1886 na 1888.

Hesabu yake si ngumu. Ukigawanya 143 kwa masafa yaliyohesabiwa kwa megahezi, unapata takriban urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 3.6, waya unahitaji karibu mita 40. Kwa megahezi 7.1, ni mita 20. Kwa megahezi 14.2, ni mita 10, na kwa megahezi 28.4, ni mita 5 tu. Mwenye shamba anaweza kuchagua apendalo. Mwenye nyumba ya safu katika mji wa Uingereza, ambaye bustani yake ya nyuma huenda ina mita 15 tu hadi uzio wa jirani, hana budi kuhesabu. Mpangaji wa chumba kimoja ghorofa ya nne ana hesabu ngumu zaidi.

Kuna jambo la pili katika fizikia hii, nalo ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Katika waya wa nusu wimbi, mkondo wa umeme huwa mwingi zaidi katikati, hupungua kuelekea kwenye ncha, na hufikia sifuri nchani kabisa. Penye mkondo mwingi ndipo panaporusha mawimbi kwa wingi. Tukipiga hesabu tunakuta kwamba sudusi moja ya waya kila upande, yaani theluthi moja ya waya mzima, huchangia takriban asilimia 13 tu ya kazi ya antena. Kwa hiyo ncha zikipindwa, zikaning'inia au zikafuata kona ya ukuta, hasara ni ndogo. Kinachotakiwa kunyooka na kuwa juu ni sehemu ya katikati. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; kwa antena, walio tayari kuinama ni ncha.

Kubanwa kwa kwanza: chini ya mita 200

Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wengi waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo yanayofika mbali. Makampuni na majeshi ya majini yalitumia mawimbi ya mamia na hata maelfu ya mita, na antena zao zilihitaji milingoti mikubwa na eneo pana. Mnamo Agosti 1912, miezi michache baada ya kuzama kwa Titanic, Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano ya redio. Wanaridhaa waliwekewa kikomo cha mawimbi ya mita 200 kushuka chini, na nguvu isiyozidi kilowati moja. Mawimbi hayo yalionekana kama makapi, na walipewa kwa sababu hakuna mkubwa aliyeyataka.

Miaka miwili baadaye, Hiram Percy Maxim aliongoza kuanzishwa kwa American Radio Relay League huko Hartford, Connecticut. Wanachama wake walianza kupokezana ujumbe kutoka mji mmoja hadi mwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walitaka kujua kama ishara zao zingeweza kuvuka bahari. Mwaka 1921 walimtuma Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, akapiga hema karibu na pwani na kutandaza waya wa kupokea wenye urefu wa takriban mita 400. Mnamo Desemba alisikia kituo cha wanaridhaa, 1BCG, kilichokuwa Greenwich, Connecticut, kikirusha kwa wimbi la mita 230 hivi. Tofauti na siku ile ya Signal Hill, safari hii ulipokewa ujumbe mzima wenye maneno, ambao ungeweza kulinganishwa na ule uliotumwa.

Hata hivyo, waya wa mita 400 haukuwa jibu kwa mtu wa mjini. Jibu lilipatikana pale wanaridhaa waliposhuka zaidi katika mawimbi mafupi. Mnamo Novemba 1923, Léon Deloy, akiwa Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell na John Reinartz wa Connecticut kwa wimbi la karibu mita 110. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya pande mbili ya wanaridhaa kuvuka Atlantiki. Mwaka uliofuata, Oktoba 18, 1924, mwanafunzi wa miaka 18 aitwaye Cecil Goyder, akitumia kituo cha shule ya Mill Hill, London, aliwasiliana na Frank Bell, aliyekuwa kwenye shamba la kondoo la Shag Valley, New Zealand. Umbali huo ni karibu kilomita 19,000, karibu nusu ya mzunguko wa dunia. Dada yake Frank, Brenda Bell, alikishika kituo hicho baadaye, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuwasiliana kwa redio na Afrika Kusini.

Sababu ya mafanikio haya ilikuwa angani. Arthur Kennelly na Oliver Heaviside walikuwa wamependekeza tangu 1902 kwamba juu ya hewa kuna tabaka linaloweza kurudisha mawimbi ya redio, na mwishoni mwa 1924 Edward Appleton aliongoza majaribio yaliyothibitisha kuwapo kwake. Mawimbi mafupi hugonga tabaka hilo, ambalo leo tunaliita ionosfia, yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka.

Tuangalie maana yake kwa mtu mwenye nafasi finyu. Kilichoonekana makapi kilikuwa na faida mbili kwa pamoja: mawimbi yale yalifika mbali zaidi kwa nguvu ndogo, na antena zake zilikuwa fupi. Aliyehitaji shamba kwa wimbi la mita 200 alihitaji mita 20 za waya kwa wimbi la mita 40, na mita 10 kwa wimbi la mita 20. Sheria iliyowabana ndiyo iliyowapeleka kwenye mawimbi yanayoingia uani.

Kubanwa kwa pili: uzio wa jirani

Tatizo likabaki kwa wale ambao hata mita 20 hawakuwa nazo, au waliotaka kutumia mawimbi kadhaa kwa waya mmoja. Hapa historia inakuwa ya mafundi wadogo wanaokopa na kurekebisha.

Mfano wa mwanzo ulitoka angani kwenyewe. Meli za anga za Zeppelin za Ujerumani zilining'iniza waya nyuma yake, na waya huo ulilishwa umeme kwenye ncha moja. Wanaridhaa walioiga mbinu hiyo waliufunga waya kutoka dirishani hadi kwenye mti na kuuita Zepp kwa jina la meli hizo. Faida yake ni dhahiri: hakuna haja ya kuwa na waya mwingine unaoning'inia katikati ya bustani. Mwaka 1929, Loren Windom aliandika katika jarida la QST kuhusu waya uliolishwa pembeni mwa katikati, nao ukachukua jina lake.

Kwa Uingereza, jina linalotajwa zaidi ni la Louis Varney, mhandisi ambaye alama yake ya wito ilikuwa G5RV. Mwaka 1946 alibuni antena ya waya yenye urefu wa mita 31.1, iliyolishwa katikati kwa nyaya mbili sambamba zilizotenganishwa kama ngazi, zenye urefu wa karibu mita 10.4. Kwa megahezi 14, waya huo ni nusu-wimbi tatu zilizoungana. Kwa masafa mengine, zile nyaya za ngazi hubeba sehemu ya urefu uliokosekana, na mtumiaji hurekebisha kilichobaki kwa kifaa cha kulinganisha kilichoko mezani. Varney alieleza wazi kwamba mwenye nafasi ndogo anaweza kuziacha ncha zining'inie au kuzipinda, kila upande hadi sudusi moja ya urefu wote. Sudusi hiyo ndiyo tuliyoipigia hesabu hapo juu. Watu wengi walioifunga antena hii katika bustani zao hawakuwa na nafasi ya mita 31 zilizonyooka, na antena ikawafanyia kazi.

Njia nyingine zilifuata mkondo huohuo. Waya unaweza kupandishwa katikati juu ya nguzo moja na ncha zake zikashuka pande mbili kama herufi V iliyopinduliwa. Mlingoti mmoja unatosha badala ya miwili. Unaweza kuongezwa koili kila upande ili uitikie wimbi refu kuliko urefu wake. Koili, hata hivyo, hudai malipo: sehemu ya nguvu hupotea kama joto, na antena hukubali upana mdogo wa masafa, hivyo ukihama kidogo inakubidi urekebishe tena. Antena ya duara dogo lenye kapasita, inayoweza kukaa roshanini, hudai malipo makubwa zaidi ya aina hiyohiyo, na kapasita yake hupata volti elfu kadhaa hata kwa transmita ya wati 100. Hakuna antena fupi inayomdanganya Mungu. Unaweza kubadilisha nafasi kwa ufundi, lakini kila sentimita unayoipunguza utailipia kwa nguvu, kwa upana wa masafa au kwa usumbufu.

Vyumbani wakati wa vita

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilichukua transmita za wanaridhaa. Masikio yao, hata hivyo, ilitaka kuyatumia. Zaidi ya elfu moja kati yao waliandikishwa kimyakimya na Radio Security Service kuwa wasikilizaji wa kujitolea. Baada ya kazi zao za mchana, waliketi vyumbani na vibandani mwa nyumba zao, wakiwa na redio ya kupokea na waya, wakitafuta ishara dhaifu za Morse za idara ya ujasusi ya Ujerumani. Walichokinakili walikituma kwa posta hadi Barnet, na sehemu yake ikawafikia wafumbuaji wa Bletchley Park. Watu wa familia zao wengi hawakuambiwa kilichokuwa kikiendelea.

Habari hii inatufundisha jambo kuhusu waya wa kupokea. Anayerusha lazima ajali sana urefu na ulinganifu, kwa sababu nguvu isiyotoka humrudia. Anayesikiliza ana uhuru zaidi. Katika mawimbi mafupi, waya mfupi uliofungwa vibaya hukusanya ishara ndogo, lakini hukusanya pia kelele ndogo, na redio nzuri huweza kuikuza ishara hiyo.

Nani anaruhusu?

Kadiri ufundi ulivyotatua tatizo la nafasi, tatizo jingine lilikua: ruhusa. Nchini Marekani, mwaka 1985, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilitoa uamuzi uitwao PRB-1, unaozitaka mamlaka za miji kuwapa wanaridhaa nafasi ya kuridhisha ya kusimamisha antena. Uamuzi huo, hata hivyo, haukugusa mikataba ya binafsi. Katika mitaa mingi, hati ya nyumba huja na masharti ya jumuiya ya wenye nyumba, na moja ya masharti hayo mara nyingi ni kwamba antena isionekane nje. Kanuni iliyofuata sheria ya 1996 iliwalinda wenye madishi ya setilaiti ya hadi mita moja hata dhidi ya masharti kama hayo. Wanaridhaa hawakupata ulinzi huo.

Matokeo yake ni ufundi wa kuficha: waya mwembamba usioonekana ukiwa umbali wa hatua chache, waya darini chini ya vigae, nguzo ya bendera ambayo ndani yake ni antena. Tunaona kinaya hapa. Mwaka 1912 wanaridhaa walipewa mawimbi yasiyotakiwa na mtu. Karne moja baadaye, wana mawimbi yao kisheria lakini wengine hawana ruhusa ya kufunga mita 10 za waya kwenye nyumba waliyoinunua wenyewe. Mpangaji, ambaye wengi wetu katika chama hiki ndivyo tulivyo, yuko nyuma zaidi kwenye foleni hiyo.

Kwa upande mwingine, hewani hakuna anayeuliza ukubwa wa uwanja wako. Sultan Qaboos bin Said wa Oman alikuwa mwanaridhaa mwenye alama ya wito A41AA, na nchi yake ina jumuiya ya kifalme ya redio ya ridhaa tangu 1972. Mfalme Hussein wa Jordan alijitambulisha kwa JY1. Mwenye kasri na mwenye roshani walikutana kwenye masafa yaleyale. Ishara ya mmoja ilikuwa na nguvu zaidi, bila shaka, lakini wote wawili walisubiri zamu.

Mita 25 na wazee wetu

Jambo lililotusukuma kuandika makala haya liko karibu nasi kuliko Signal Hill. Kwa miaka mingi Sauti ya Tanzania Zanzibar ilirusha matangazo kwenye kilohezi 11,735, katika bendi ya mita 25, na kwa hali nzuri ya anga ilisikika hadi Ghuba na Ulaya. Nusu wimbi la masafa hayo ni mita 12.2. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Kwa hiyo mtu mwenye chumba kimoja aliweza kuuzungusha waya huo kwenye kona ya juu ya ukuta, akauelekeza ulikobaki hadi dirishani, na jioni akasikia taarabu na habari za nyumbani.

Mzee mmoja wa jamii yetu alituonyesha misumari midogo iliyobaki juu ya dirisha la sebule yake. Waya wenyewe uliondolewa zamani, nyumba ilipopakwa rangi. Alitueleza jinsi alivyogundua, bila kusoma kitabu chochote, kwamba waya ukipita karibu na televisheni unaleta mvumo, na kwamba ukisogezwa upande wa dirisha sauti inafunguka. Ugunduzi wake una thamani hata leo, pengine zaidi, maana chaja za simu, taa za LED na vifaa vya intaneti vimejaza kelele majumbani. Kwa anayesikiliza chumbani sasa, adui mkubwa ni kelele hizo kuliko ufupi wa waya.

Hapo ndipo tulipoona udhaifu wa historia tunayoisoma. Mlingoti huacha msingi wa zege, picha na bango la kumbukumbu. Waya wa chumbani huacha misumari miwili, na kisha rangi mpya. Ikiwa hatutauliza, historia ya kusikiliza ya watu wetu ughaibuni itabaki kana kwamba haikuwapo, ilhali walitumia akili ileile iliyotumiwa na Varney katika bustani yake.

Tunawaomba wanachama wenzetu, kila mmoja atakapokwenda kuwaamkia wazee wikendi, aulize swali dogo: waya mliufunga wapi, na mlisikia nini? Andikeni jibu, pimeni urefu kama ukuta bado upo, na mlete kwenye mkutano wa chama. Walimu wetu wametukubalia kuyahifadhi majibu hayo pamoja na kanda za masimulizi tulizonazo.

Na kwa yeyote atakayeshawishika kufunga waya wake mwenyewe, tunamaliza kwa maonyo matatu yasiyo na utani. Usipitishe waya juu, chini wala karibu na nyaya za umeme. Wengi wamekufa kwa kosa hilo. Uondoe au uutenge na redio radi inapokaribia. Na kama unataka kurusha, pata kibali kwanza, kisha uziweke ncha za waya mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kwa sababu nchani mkondo hukoma lakini volti hupanda. Kusikiliza tu ni rahisi zaidi: tafuta mita 12 za waya mwembamba, nyoosha katikati yake karibu na dirisha, na uache ncha ziiname.